Moyo Ulikuwa Saa Yangu

Kila mchekeshaji ana saa yake ya ndani. Wako wanaohesabu kwa pumzi, wako wanaohesabu kwa hatua, na wengine wanasikiliza ukumbi tu hadi mtu akohoe. Mimi kwa zaidi ya miaka kumi nilihesabu kwa moyo. Nikimaliza sentensi ya kutega nilinyamaza, nikayasikia mapigo matatu kifuani, ndipo nikaachia panchi, ile sentensi ya mwisho inayochekesha. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuja kujua kwamba nafanya hivyo siku moyo ulipoanza kusumbua na saa ikaharibika.

Hesabu yenyewe iko hivi. Jukwaani hofu hupandisha mapigo. Moyo wangu ulikuwa ukifika mapigo kama 125 kwa dakika, hata nikionekana nimetulia kama maji mtungini. Mapigo matatu kwa mwendo huo ni sekunde moja na nusu hivi. Halafu nikaandikiwa beta-bloka, vidonge vilevile ambavyo baadhi ya wanamuziki humeza kabla ya onesho ili mikono isitetemeke. Kazi yake ni kuuziba moyo masikio: adrenalini inapiga kelele, moyo hausikii. Usiku wa kwanza baada ya dozi kuongezwa nilipanda jukwaani na moyo wa 75. Nikatega, nikanyamaza, nikahesabu mapigo yangu matatu kama kawaida. Karibu sekunde mbili na nusu. Jamaa wa safu ya pili akanimalizia mzaha. Na kibaya zaidi, alichekesha kuliko mimi.

Wasio wa fani huona sekunde moja si kitu. Lakini panchi ni mtego: msikilizaji anakimbilia mlango mmoja, wewe unafungua mwingine. Ukichelewa, anasimama, anageuza shingo, anauona mlango wako kabla hujaugusa. Ukiwahi, hajaanza hata kukimbia. Nafasi yote ya kazi yetu imo humo katikati, na mimi nilikuwa nimeuachia moyo mgonjwa uishike.

Nilijaribu kuhesabu kwa pumzi nikashindwa, kwa sababu moyo usiosukuma vizuri huacha maji yatuame mapafuni, na pumzi ya mgonjwa wa hivyo haina adabu. Inakatika pale unapoihitaji. Mwishowe nikahamia vidoleni. Mkono unaoshika maiki hauonekani ukifanya kitu kingine, basi nagusa chuma kwa kidole cha shahada, cha kati, cha pete, kisha nasema. Ilinichukua miezi kuzoea. Ukitazama rekodi zangu za kipindi kile utaona nimekodolea maiki macho kama mtu anayedaiwa nayo.

Kuna jambo la pili ambalo vidonge vilichukua, nalo halirudi kwa vidole. Ile hofu ya nyuma ya pazia ilikuwa inaniuma kama njaa, na mwenye njaa halegei. Sasa nasimama pale nikiwa mtulivu kama karani. Usiku mmoja wa onesho kubwa nilitaka kuruka dozi ili niipate ile njaa. Nilimpigia daktari wangu nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alinieleza kwamba dawa hizi ukizikata ghafla, moyo uliokuwa umezibwa masikio unasikia kelele zote kwa mpigo, na unaweza kupata shambulio la moyo hata wakati unajiona mzima. Nikameza. Onesho lilikuwa la wastani. Nimejifunza kuishi na maonesho ya wastani.

Dawa ya maji, ile inayokukojoza ili maji yapungue mwilini, sitaisema sana. Inaanza kazi ndani ya saa moja na kuendelea kwa kama saa sita, na mimi kwa kutojua nilikuwa nameza jioni. Usiku mmoja nilimaliza kipindi cha dakika 40 kwa dakika 26, na mwenye ukumbi akanisifu kwa kasi mpya. Siku hizi naimeza asubuhi, baada ya kuuliza.

Watu huniuliza nagawaje nguvu kati ya jukwaa, uandishi na kurekodi. Kwa ubahili. Kwa mtu mwenye afya, mradi unaokwama unaweza kusubiri mwaka. Mimi nimeacha kuwa na miradi inayosubiri. Kipindi kipya cha saa moja hujengwa kwa vipande vya dakika tano tano, mbele ya watu, na vingi vinabuma. Ni kazi ya mwaka na zaidi, inayofanyika usiku, na usiku ndio wakati mwili wangu unafunga duka. Kwa hiyo jukwaa nimelitengea siku mbili kwa wiki, asubuhi naandika, na tamthilia niliyoianza zamani nimempa kijana mmoja aimalize kwa jina lake. Iliniuma kuliko nilivyotarajia. Baadhi ya vichekesho alivyofuta vilikuwa vyangu vya kupendwa, na alikuwa sahihi kuvifuta, jambo ambalo sijamwambia.

Wenzangu wana ndoto moja nisiyoipenda: kufia jukwaani. Humtaja Molière, mwandishi na mwigizaji wa michezo ya kuchekesha wa Ufaransa, ambaye tarehe 17 Februari 1673 alikuwa akiigiza mtu anayejidhania mgonjwa, kikohozi kikamshika palepale, akalimaliza onesho, akafa nyumbani saa chache baadaye. Hadithi tamu, ukiisimulia kutoka upande wa Molière. Jaribu upande wa viti. Tarehe 15 Aprili 1984, mchekeshaji wa Uingereza Tommy Cooper alianguka kwenye pazia jijini London, televisheni ikionyesha moja kwa moja, na ukumbi ukacheka kwa sababu kuanguka ilikuwa desturi yake. Mwaka 1991 mchekeshaji wa Marekani Redd Foxx alidondoka akiwa mazoezini. Kwa kuwa miaka ya nyuma alijulikana kwa mhusika anayejifanya kapatwa na mshtuko wa moyo, wenzake walidhani anatania. Sitaki mtu alipe kiingilio kisha abebe kicheko cha namna hiyo maisha yake yote. Ndiyo maana nimekubaliana na mshereheshaji: nikiita jina lake kamili, maiki inazimwa na taa za ukumbi zinawashwa. Jina lake kamili ni la kuchekesha, hivyo nimelazimika kuliondoa kwenye mizaha yangu yote.

Swali la kusema au kuficha halina jibu moja. Mchekeshaji wa Kanada Norm Macdonald aliishi na saratani karibu miaka tisa bila umma kujua, akajirekodi nyumbani mwaka 2020 kwa mkupuo mmoja kabla ya kwenda kutibiwa, na kazi ile ikatoka baada ya kifo chake cha Septemba 2021. Mchekeshaji wa Marekani Tig Notaro alifanya kinyume: Agosti 2012, siku chache baada ya kupewa majibu, alipanda jukwaani Los Angeles akafungua kwa kutangaza kwamba ana saratani. Mimi nasema, lakini si mwanzoni. Hadhira ikishakuonea huruma haicheki tena, inakuuguza. Kwa hiyo dakika saba za kwanza nawaonyesha tu kwamba usukani naushika. Kwenye kigoda nakaa toka mwanzo, na nakifanyia mzaha mapema kabla hawajaanza kujiuliza. Ikifika ya nane nawaambia kuhusu moyo, na hapo ndipo ulipo mzaha wangu bora kuliko yote niliyowahi kuandika.

Kipimo cha eko kinaonyesha moyo unasukuma sehemu gani ya damu iliyoujaza kila unapopiga. Moyo mzima husukuma kama asilimia 55 hadi 70, wala si 100, na watu hawajui hilo. Wangu ulikuwa 30. Basi nawasimulia daktari anavyoniambia kwa sauti ya msiba, "Moyo wako umepata asilimia 30," nami namjibu, "Daktari, hiyo hesabu au Kiingereza? Maana kama ni hesabu, tumepanda." Shahada, kati, pete, halafu: "Mwambie mama."

Mwezi uliopita nilipimwa tena. Asilimia 42. Daktari alinishika bega, akafurahi kana kwamba kazi kaifanya yeye, na kweli kaifanya. Nilienda nyumbani nikijaribu namba mpya mdomoni. Haikai. Mtu wa 42 si mjinga, ni mvivu tu, na uvivu haumvunji mtu mbavu. Juzi nikaijaribu hivyo hivyo mbele ya watu. Niliposema 42, na kwamba imepanda kutoka 30, ukumbi mzima ukasimama ukanipigia makofi.

Hakuna aliyecheka. Kesho narudi kwenye 30.