Mbona Hakuna Mashua Inayoitwa Tumbusi?

Shuka Deep Sea, ufukwe wa wavuvi hapa Tanga, asubuhi, boti za dagaa zikirudi, usome majina ubavuni. Utakuta jina la mama wa mwenye chombo, dua fupi, mchezaji wa Ulaya aliyeng'ara msimu uliopita, na wanyama: Simba, Papa, Chui, Tai. Panda juu mpaka Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, usome nyuma ya bajaji. Majina ni yale yale. Tumbusi hayupo. Hata timu za mchangani, ambazo huwa haziogopi jina lolote, sijasikia hata moja iliyojiita hivyo.

Kazi yangu ni ndege. Nawahesabu kwenye mikoko na kuongoza wageni Saadani na msitu wa Amani, na karibu kila msafara kuna mtu atakayeniuliza kwa nini yule ndege ana sura ya shetani. Nikisema tumbusi nina maana ya ndege wakubwa wala mizoga, ambao wengi wetu huwaita tai kwa ujumla. Mwenye kuandika Tai kwenye mashua yake, bila shaka, hamfikirii huyu. Anamfikiria yule wa kucha na macho makali.

Nimefika mahali pa kuamini kwamba chuki hii si yetu. Tumeletewa, tena majuzi, kwa njia ya televisheni.

Watoto wa mtaani kwangu wanamfahamu Mzingo kabla hawajawahi kumwona tumbusi wa kweli. Mzingo ni tumbusi katika katuni ya Disney, The Lion Guard, iliyoanza kuonyeshwa mfululizo mwaka 2016. Ndiye kiongozi wa genge la tumbusi wenye hila, na mmoja wa wafuasi wake anaitwa Mwoga. Lugha ni yetu na ndege ni wetu, ila tabia wamepewa California. Kabla ya hapo, mwaka 1967, kampuni hiyo hiyo ilichora tumbusi wanne wenye nywele za Beatles na lafudhi ya Liverpool katika The Jungle Book. Wale angalau waliishia kuwa marafiki wa mtoto. Marvel nao walimletea Spider-Man adui aitwaye Vulture mwaka 1963, mzee mwenye upara aliyejitengenezea mabawa. Na mwaka 2024 Kanye West na Ty Dolla $ign wakaipa albamu yao jina la ndege huyu, kwa kuwa ubaya nao unauza.

Mchoraji wa katuni hahitaji vitu vingi. Upara, mabega yaliyopanda masikioni, na duara angani juu ya mtu aliyepotea jangwani. Vyote vitatu vina maelezo ambayo hayana uovu ndani yake.

Upara kwanza. Ndege anayeingiza kichwa ndani ya mzoga wa nyati akiwa na manyoya shingoni atatoka amegandamana damu asiyoweza kujisafisha. Ngozi tupu inakauka upesi, jua linaimalizia kazi. Ngozi hiyo hiyo inamsaidia kupunguza joto: penye joto anaunyoosha shingo wote nje, penye baridi anaukunja ndani ya manyoya ya kifuani. Ndiyo hayo mabega ya katuni. Anasikia baridi, basi. Au ameshiba.

Duara nalo ni suala la hewa. Ardhi ikipata jua, hewa ya moto hupanda kama nguzo, na tumbusi, ambaye ni mzito, hupanda nayo akizunguka ndani yake bila kupiga bawa. Akifika juu anateleza umbali mrefu bila gharama, kisha anatafuta nguzo nyingine. Hamzunguki mtu anayekata roho. Yule aina ya Rüppell, ambaye tunaye hapa Tanzania, ndiye anayeshikilia rekodi ya ndege wote: tarehe 29 Novemba 1973 mmoja aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, kwenye kimo cha mita 11,300 hivi. Simba wa kwenye bajaji hajafika huko.

Picha iliyomharibia jina kuliko katuni zote ilipigwa mwaka 1993 huko Ayod, katika eneo ambalo sasa ni Sudan Kusini. Mpigapicha Kevin Carter wa Afrika Kusini alimwona mtoto aliyeinama chini kwa udhaifu wa njaa, na nyuma yake tumbusi ametulia. New York Times waliichapa mwezi Machi mwaka huo. Mwaka 1994 ikapata tuzo ya Pulitzer, na miezi michache baadaye Carter akajiua. Sitaki kumhukumu mtu yeyote katika kisa kile. Ninalotaka kusema linamhusu ndege tu. Yule ni tumbusi mdogo wa kichwa chekundu, aina ambayo katika sehemu nyingi za Afrika huishi na watu, machinjioni, sokoni na majalalani, akila mabaki. Penye kituo cha kugawa chakula na umati wa watu, kumkuta ni jambo la kawaida kabisa. Lakini aliyeitazama picha ile akiwa Ulaya au Marekani hakuwa na namna ya kulijua hilo, na tangu siku hizo kibonzo cha njaa ya Afrika kikikosa tumbusi huonekana hakijakamilika.

Sasa turudi nyumbani, maana huku pwani tuna urithi mwingine, mkongwe kuliko televisheni.

Aliyepita madrasa anaikumbuka Sura ya Nuh, aya ya 23, pale yanapotajwa masanamu matano ya watu wa Nuhu. La tano ni Nasr. Nasr kwa Waarabu wa kale ni tumbusi. Watu walimwabudu, wakakatazwa, na hilo halina mjadala. Lakini mtu haabudu kitu anachokidharau. Walimpa pia umri. Katika masimulizi yao Luqman wa kabila la Ad alipewa maisha ya urefu wa tumbusi saba, mmoja akifa anachukua mwingine, na wa mwisho akaitwa Lubad. Lubad alipokufa, Luqman naye akafa.

Kisha kuna nyota, na hapa ndipo huwa nasimama muda mrefu nikiwa na wageni ufukweni. Waarabu waliona tumbusi wawili mbinguni. Mmoja walimwita an-nasr al-waqi', tumbusi anayetua, na mwingine an-nasr at-ta'ir, tumbusi anayeruka. Wazungu walipozichukua nyota hizo walibaki na mikia ya majina: Vega na Altair. Manahodha wa Bahari ya Hindi hawakuzitazama kwa burudani. Dira yao ya nyota ilikuwa na pande 32, kila upande ukiitwa kwa nyota inayochomoza au kuzama pale. Mashariki halisi ilikuwa ni mahali anapochomoza at-Ta'ir, na magharibi ni mahali anapozama. Al-Waqi' naye alikuwa na pande zake, kaskazini zaidi. Yaani majahazi yaliyoingia Tanga, Pangani na Bagamoyo kwa pepo za kaskazi yaliletwa na watu waliojua njia kwa kutazama, pamoja na nyota nyingine, tumbusi wawili. Agosti jioni, wingu likiwa halipo, utawaona wote wawili upande wa kaskazini na mashariki, al-Waqi' akiwa ndiye mwenye mwanga mkali zaidi.

Ukifuata mto Nile kwenda chini unamkuta tena. Nekhbet, mlinzi wa Misri ya Juu, alichorwa kama tumbusi aliyekunjua mabawa juu ya mfalme, na kwenye kinyago cha dhahabu cha Tutankhamun kichwa chake kipo pale kwenye paji la uso, sambamba na cha nyoka. Wamisri walilitumia umbo la tumbusi hata kuandika neno mama. Huko Amerika ya Kusini kondori, naye wa kundi la wala mizoga, yupo kwenye nembo za mataifa manne: Bolivia, Chile, Kolombia na Ekwado. Hata Mali wana tumbusi mweupe akiruka juu ya msikiti wa Djenné kwenye nembo yao. Ajabu ni kwamba timu yao ya taifa ya soka wameiita Tai. Ugonjwa wa mashua za Deep Sea umefika mpaka Bamako.

Ndugu zetu Wahindu wana Jatayu. Katika utenzi wao wa Ramayana, mfalme wa mashetani Ravana alipomteka Sita, mke wa Rama, na kumpeleka angani, ni Jatayu, tumbusi mzee, aliyemzuia njia akapigana mpaka akakatwa mabawa, na kabla hajafa akamwambia Rama mkewe amepelekwa upande gani. Kule Kerala wamemjengea sanamu lenye urefu wa mita 61. Ungedhani katika nchi kama hiyo ndege huyu yuko salama. La. Kuanzia miaka ya 1990 tumbusi wa India walikufa kwa mamilioni. Aina moja, yule mweupe mgongoni, alipungua kwa zaidi ya asilimia 99. Chanzo kilijulikana mwaka 2004: diclofenac, dawa ya maumivu ambayo wewe na mimi tunainunua duka la dawa tukiumwa mgongo. Ng'ombe walitibiwa kwayo, wakifa tumbusi anakula, figo zake zinaharibika. India iliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Kwa hiyo sisemi kwamba jina zuri litamwokoa ndege. Sidanganyiki kiasi hicho.

Jina hata hivyo linaweza kugeuzwa, na kisa ninachokipenda ni cha mpira. Flamengo ya Rio de Janeiro ilikuwa na mashabiki wengi weusi na maskini, na wapinzani wakawa wanawazomea: urubu! Huyo ni tumbusi mweusi wa Brazil, anayeonekana majalalani kila siku. Lilikuwa tusi la rangi, halikufichwa. Tarehe 31 Mei 1969, siku ya mechi na Botafogo, mashabiki wa Flamengo waliingia Maracanã na urubu mzima, wakamfunga bendera ya timu miguuni, wakamwachia. Akaruka, akatua uwanjani, jukwaa likalipuka. Flamengo ilishinda 2–1. Mchora vibonzo Henfil akampokea, na mpaka leo urubu ndiye ndege-alama wa klabu. Mtu aliyezoea kelele za uwanja wetu wa Mkwakwani, Coastal Union, Wagosi wa Kaya, wakicheza na African Sports, Wana Kimanumanu, anaelewa kilichotokea: tusi likishaimbwa na wenyewe, mpinzani amebaki mikono mitupu.

Emilio Butragueño wa Real Madrid alilipata jina El Buitre, tumbusi, kutokana na ukoo wake tu. Lakini lilimkaa: mshambuliaji asiyekuwa na papara, aliyesubiri kosa la beki. Mwaka 1986 aliwafunga Denmark mabao manne katika mechi moja ya Kombe la Dunia. Kizazi chake, La Quinta del Buitre, kilichukua ubingwa wa Hispania mara tano mfululizo.

Matumizi yanayonikera ni ya mabenki. Kuna mifuko ya fedha inayonunua madeni ya nchi maskini kwa bei ya kutupa, kisha inakwenda mahakamani kudai yote na riba. Inaitwa mifuko ya tumbusi. Zambia iliwahi kukopa kwa Romania mwaka 1979 kununua zana za kilimo. Mwaka 1999 kampuni ya Donegal International ililinunua deni hilo kwa dola milioni tatu na kitu, ikadai milioni 55 hivi, na mwaka 2007 mahakama ya London ikaamuru ilipwe takriban milioni 15. Tumbusi hula kilichokwisha kufa, na asidi ya tumbo lake inaua hata vimelea vya kimeta, kwa hiyo akimaliza kula, nyika imepona. Zambia ilikuwa hai. Waliodai wangeitwa kupe.

Na wanaomchukia kwa vitendo ni majangili. Tumbusi wakianza kushuka, askari wa wanyamapori anajua kuna tembo ameuawa, kwa hiyo jangili anautia mzoga sumu. Juni 2019 huko Botswana walikutwa tumbusi 537 wamekufa kwa mkupuo mmoja. Anayeitwa mwoga kwenye katuni anauawa kwa sababu ni shahidi.

Huku pwani yupo tumbusi ambaye wengi mmeshamwona mkamwita furukombe. Anakula nyama ya matunda ya mchikichi na ya miwale, na kwenye mikoko anaokota kaa na samaki. Kutofautisha si kazi. Furukombe ana kichwa na kifua cheupe, lakini tumbo ni la rangi ya kahawia iliyokolea, na kelele zake zinasikika ng'ambo ya mto. Huyu mwingine ni mweupe mpaka tumboni, mabawani ni mweusi na mweupe, uso una ngozi tupu ya wekundu kuzunguka jicho, na muda mwingi yuko kimya. Akiwa bado mchanga ni kahawia mwili mzima, na hapo hata sisi wa kazi hii hutazama darubini mara mbili.