Mwamba wa Tororo haukutoka baharini

Kila anayeleta kipande cheupe cha jiwe kutoka Tororo, mashariki mwa Uganda, huja na hoja ileile: kimedondoshewa asidi kikatoa povu, basi ni chokaa, na chokaa ni ya baharini, kwa hiyo Tororo ilikuwa chini ya bahari. Sivyo!

Povu linathibitisha kalisaiti tu, yaani madini ya kaboneti ya kalsiamu. Kalisaiti hutokana na magamba ya viumbe wa baharini, na pia huganda kutoka kwenye magma, mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi. Tororo, pamoja na vilima vya Sukulu na Bukusu, ni kabonatiti, yaani miamba ya kaboneti iliyoganda kutoka kwenye magma: sehemu za ndani za volkano za kale ambazo mvua imezila juu zikabaki koo zake. Anayesema kaboneti haiwezi kumwagika ikiwa moto aitazame volkano ya Oldoinyo Lengai, Tanzania, inayotoa zaha (lava) ya kaboneti yenye sodiamu nyingi kwenye nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi. Zaha yenye kalsiamu ipo hapa hapa Uganda, Fort Portal.

Ushahidi mkubwa ni elementi ya strontiamu. Chokaa ya bahari huwa na sehemu mia chache kwa milioni. Kabonatiti huwa na maelfu, pamoja na bariamu, niobiamu na lanthanamu kwa wingi. Kisha pima uwiano wa isotopu (aina za elementi moja zenye uzito tofauti), strontiamu 87 kwa 86. Kabonatiti za mashariki mwa Uganda ziko karibu 0.703 hadi 0.704. Maji ya bahari hayajashuka chini ya 0.706 kwa miaka milioni 500, na granaiti kuukuu zilizo chini ya Tororo ziko juu zaidi, kwa kuwa rubidiamu yake imekuwa ikigeuka strontiamu 87 muda wote huo. Namba ndogo kama ile hutoka kwenye koti la Dunia, chini ya ganda.

Huna maabara? Tembea kutoka kwenye granaiti ukielekea mwamba. Kwazi inapungua hadi inakwisha, na mishipa ya kijani ya aejirini, madini yenye sodiamu na chuma, inaongezeka. Hiyo ni feniti, granaiti iliyobadilishwa na vimiminika vya moto vyenye alkali. Chokaa iliyotulia baharini haipiki majirani zake.

Nawasihi wanaochimba: msipeleke kupimwa jiwe la juu lililooza, maji yameshaondoa kalisaiti na kuacha apataiti (madini ya fosfati) na magnetaiti (madini ya chuma yanayovutwa na sumaku). Vunja hadi ndani, chukua kilo mbili za jiwe bichi, saga, pitisha sumaku. Sehemu nyingine ya unga huo ilowekwe kwenye asidi ya asetiki ya asilimia 10: kalisaiti huyeyuka, apataiti nyingi hubaki chini. (Asidi hidrokloriki hula zote mbili, ukakosa jibu.) Jiwe hili likitumika kutengeneza saruji, fosforasi ya apataiti ikizidi, saruji huchelewa kushika na nguvu zake za mwanzo hushuka. Ndiyo maana asili ya jiwe si jambo la wasomi peke yao.

Fosfati ya Sukulu kumwagwa shambani ikiwa unga mbichi? Haifai kitu kwa msimu huo. Apataiti ya magma huyeyuka polepole mno, kwa kawaida hupitishwa kwenye asidi kali, kama ya salfa, kwanza.

Dhana nyingine ya kurekebisha: Rwenzori si volkano. Ni ganda kuukuu la Dunia lililoinuliwa na mipasuko ya Bonde la Ufa.

Wala si kila zaha ni basalti, lile jiwe jeusi la kawaida la volkano. Katungaiti, mafuraiti na ugandaiti za magharibi, zilizopewa majina na mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes, zina potasiamu nyingi, na silika yake ni karibu asilimia 40 au pungufu. Basalti huanzia 45.