Reli ndogo ya bustanini Mwanza: dhana potofu na ukweli wake

Dhana inayowazuia watu wazima wengi kuanza ni kwamba reli ya bustanini, yaani njia ya treni ndogo za mfano inayotandikwa uani, ni kichezeo cha watoto. Burudani hii, kwa sura tunayoijua leo, ilienea baada ya mwaka 1968, kampuni ya Lehmann ya Nuremberg, Ujerumani, ilipotoa treni za LGB zilizokusudiwa kuhimili matumizi ya nje ya nyumba. Kazi yake inadai kupima mwinuko wa ardhi, kuelekeza maji ya mvua, kukokotoa kona na kuchagua mimea ambayo haitafunika njia. Baadhi ya vichwa vya treni huchemsha maji ya kweli kwa gesi au spiriti, na mtoto hapaswi kuviwasha bila mtu mzima kuwepo.

Wengine husema kwamba jambo hili ni la ughaibuni na halituhusu. Hapa ndipo ninapopinga kwa nguvu zaidi. Njia ya LGB ina milimita 45 kati ya reli mbili, na katika uwiano wa 1:22.5 (mfano ukiwa mdogo mara 22.5 kuliko kitu halisi) upana huo unawakilisha geji ya mita moja, ileile ya reli iliyotoka Tabora na kufika Mwanza mwaka 1928. Katika uwiano wa 1:32, milimita hizohizo 45 zinawakilisha milimita 1,435, yaani upana wa reli ya kisasa ya SGR inayojengwa kati ya Mwanza na Isaka. Kwa hiyo mtu anayetandika njia moja uani kwake anaweza kuonyesha enzi zote mbili za reli ya mji huu, ili mradi asichanganye mabehewa ya uwiano tofauti katika treni moja. Mwenye bwawa la samaki anaweza hata kujenga gati la meli ya mabehewa, kwa mfano wa MV Umoja, iliyovusha mabehewa ya mizigo ziwani.

Je, vilima na miamba yetu si kikwazo? Ni kweli kwamba treni ndogo haipendi mlima mkali: mwinuko usizidi sentimita 2 au 3 kwa kila mita moja ya njia. Hata hivyo, njia inaweza kuuzunguka mteremko taratibu au kupita juu ya ukuta mfupi wa mawe, na jiwe kubwa ambalo mwenye nyumba amelilaumu kwa miaka likawa mandhari ambayo wapenzi wa reli kwingineko hulazimika kuitengeneza kwa saruji. Tena wapasua kokoto wapo. Chekecha zile ndogo kabisa na uzitumie chini ya mataruma, yaani vipande vya kukingama vinavyobeba reli, kwa kuwa kokoto zenye pembe hushikana, ilhali changarawe ya mviringo ya ufukweni huteleza na njia ikahama.

Hofu ya jua na mvua ina ukweli ndani yake, lakini inahusu ujenzi mbaya. Mataruma ya plastiki yawe ya aina inayostahimili jua. Reli ya aloi ya shaba na zinki yenye urefu wa mita 10 hurefuka karibu milimita 6 joto lake likipanda nyuzi 30, hivyo acha nafasi kwenye maungio wala usiizike ndani ya zege. Njia hubaki nje; vichwa na mabehewa hurudishwa ndani. Anayechoka kusugua reli ili zipitishe umeme na afunge betri ndani ya treni na kuiongoza kwa rimoti.

Gharama ipo, hasa kwa vichwa vinavyoagizwa nje. Mita chache za njia, kichwa kimoja na mabehewa mawili vinatosha kuanzia.

Dhana ya mwisho ni kwamba uzee huifunga burudani hii, kwa sababu magoti hayakubali tena kuinama. Njia inaweza kuinuliwa juu ya kuta au nguzo hadi usawa wa kiuno, na bibi au babu akaiendesha akiwa ameketi kitini, huku wajukuu wakipalilia na kubadilisha mataruma yaliyochakaa. Wengi huongeza kipande kimoja kila mwaka, kwa hiyo njia iliyoanza kama duara dogo hupata daraja, kisha stesheni, kisha tawi la kuelekea gatini.