Uzito wa Gojira haukutoka kwenye mpira

Juzi nilikuwa nawaonyesha vijana ninaowafundisha kamera vipande vya Gojira, filamu ya Kijapani ya dubwana Godzilla, ile ya kwanza kabisa ya mwaka 1954. Dubwana limeshaingia Tokyo, ni usiku, linabomoa majengo, na kijana mmoja wa nyuma akasema: "Mwalimu, kumbe ni mtu tu kavaa mpira! Hii si tunapiga hata kwa simu, kasi tunakuja kuipunguza kwenye kuhariri." Wenzake wakakubaliana naye. Maneno hayo nimeyasikia kwa wateja, nimeyasikia kwa wahariri, nimeyasikia kwa watu wa matangazo, na sasa yamenifuata mpaka darasani. Siwezi tena kuyaacha yapite.

Mtu alikuwemo ndani ya vazi la mpira, ndiyo. Walikuwa wawili, Haruo Nakajima na Katsumi Tezuka, na sehemu kubwa ya kazi ikamwangukia Nakajima. Eiji Tsuburaya, aliyesimamia hila za kamera pale studio ya Toho, alitamani kulisogeza dubwana fremu kwa fremu, yaani picha moja moja, kama alivyosogezwa sokwe wa King Kong mwaka 1933, filamu aliyoihusudu kwa miaka mingi. Akapiga hesabu ya watu na vifaa alivyokuwa navyo, akaona kazi hiyo ingemchukua miaka saba. Yeye alikuwa na miezi tu, kwa sababu filamu ilitakiwa kuingia kwenye majumba ya sinema tarehe 3 Novemba 1954. Vazi lilichaguliwa kwa sababu ya muda. Anayedhani kwamba njia fupi ni lazima iwe nyepesi, anisikilize sasa.

Nazi ikidondoka kutoka kwenye mnazi wa mita 20, inafika chini baada ya sekunde 2. Kikombe kikianguka kutoka kwenye meza ya sentimita 80, kinafika chini baada ya sekunde 0.4. Mnazi umeizidi meza urefu mara 25, lakini muda umezidi mara 5 tu. Shika hapo, maana filamu nzima imesimama juu ya hesabu hiyo. Muda wa kuanguka haukui sawasawa na urefu, unakua kwa kipeuo chake cha pili. Jicho lako halijui kanuni, lakini limetazama vitu vikianguka tangu ulipokuwa unatambaa, na kwa kasi ya anguko peke yake linajua kitu kina ukubwa gani. Kwa hiyo ukijenga ghorofa la mfano lenye kimo cha mtu, ukalibomoa na kulipiga fremu 24 kwa sekunde, kasi ya kawaida ya sinema, hata kama umechora kila dirisha na kila kigae, mtazamaji ataona sanduku linaanguka.

Gojira wa 1954 ana kimo cha mita 50 kwenye hadithi. Mtu ndani ya vazi ana kama mita 2. Mji ukajengwa kwa kipimo cha moja kwa 25, na mambo yakalingana. Kipeuo cha pili cha 25 ni 5, na 24 mara 5 ni 120. Kamera ikimeza fremu 120 kwa sekunde, halafu projekta ikazitema 24, ukuta ulioanguka kwa sekunde 0.4 unaanguka kwa sekunde 2, na jicho linasema: hili ni jengo. Uzito wa dubwana umetengenezwa hapo, ndani ya kamera, kabla mkanda haujafika maabara.

Ndiyo maana lile la "kuipunguza kwenye kuhariri" linaniudhi kuliko la mpira. Utapunguza nini? Ukipiga fremu 24, hizo ndizo ulizonazo. Ukizinyoosha mara 5, ama kila fremu itajirudia mara tano na picha itagugumia, ama programu itabuni fremu zilizokosekana. Na inapobuni vumbi na vipande vya plasta vinavyoruka, inavikoroga kama uji. Kipande kilichopita mbele ya lenzi kati ya fremu moja na nyingine hakikurekodiwa. Hakipo. Mhariri hawezi kukirudisha kitu ambacho kamera haikukiona, nami nimechoka kuletewa kazi ya namna hiyo niiokoe.

Tuje kwenye gharama, maana fremu 120 hazipatikani bure. Kila fremu inapata moja ya tano ya muda wa kunywa mwanga, kwa hiyo taa lazima ziongezwe mara tano, au ufungue tundu la lenzi. Lakini ukilifungua unapoteza kina cha picha, na mji wa mfano ukianza kuwa na ukungu mbele na nyuma, umeshajulikana kuwa ni mfano. Basi ni taa. Na mikanda ya miaka ile ilikuwa mivivu kwa mwanga, tena wao walikuwa wanapiga mashambulizi ya usiku, meusi yenye kina. Isitoshe, roli la futi 1,000 linalokaa dakika 11 kwa fremu 24, kwa fremu 120 linaisha kwa dakika 2 na kidogo.

Zile taa zote zinaelekezwa wapi? Zinamwelekea mtu aliyevaa mpira. Vazi la kwanza lilikuwa na uzito wa kama kilo 100 na lilikuwa gumu kiasi kwamba Nakajima aliweza kupiga hatua chache tu. Hawakulitupa. Walilikata kiunoni, nusu ya chini ikatumika kwa picha za miguu. La pili lilikuwa afadhali, na bado alikuwa akizirai kwa joto, na akivuliwa, jasho linamwagwa kutoka ndani ya vazi. Kijana anayesema "tu" aunganishe mambo haya matatu: kasi ya kamera ilidai taa, taa zikaleta joto, joto likamwangusha mtu.

Sasa nifike mahali ambapo vitabu vinapita haraka. Ile 120 ni sahihi kwa vitu vinavyoanguka. Kwa mtu anayetembea, mambo yanaanza kuyumba. Mguu unaobembea una tabia ya pendulo, yaani kitu kinachoning'inia na kubembea, nayo inafuata kipeuo hichohicho, kwa hiyo mtu akitembea kwa mwendo wake wa kawaida na ukampiga 120, anatoka kama mnyama wa mita 50. Vizuri. Lakini aliyebebeshwa vazi zito hatembei kwa mwendo wake wa kawaida. Ameshachelewa tayari. Ukimpiga 120, anaonekana amesinzia. Ukishusha kasi ya kamera ili achangamke, ghorofa analolivunja kwenye fremu hiyohiyo linaanza kuanguka kama boksi la viatu. Mguu unataka kasi yake, ukuta unataka kasi yake, na kamera ni moja.

Mimi mwenyewe, nikipiga majengo ya mfano, naanza na hesabu halafu naiacha. Napiga jaribio la 72, la 96, la 120, naangalia, nachagua kwa jicho. Sijawahi kupata kanuni inayoridhisha mguu na ukuta kwa pamoja, na simwamini anayesema anayo. Kinachosaidia ni mwigizaji. Nakajima alikwenda bustani ya wanyama ya Ueno kutazama tembo na dubu wanavyohamisha uzito kabla ya kunyanyua mguu. Tazama nyonga zake, usitazame kichwa. Anaegemea kwanza, ndipo anakanyaga. Hakuna kasi ya kamera inayoweza kukupa hilo kama mtu wa ndani hakulifanya.

Maji ndiyo yanayonitesa zaidi. Tone la maji halikubali kupunguzwa. Tone la milimita 3 kwenye mji wa moja kwa 25 linasomeka kama pande la maji la sentimita 7 na nusu likielea hewani, na bahari ya kweli haitoi matone ya namna hiyo. Kamera ikienda kasi, wimbi linapata uzito, lakini matone yanabaki mabonge. Moto nao una ukaidi wake, ndimi za moto mdogo ni nene mno. Hata kwenye Gojira, zipo picha za maji na za magari yanayopinduka ambazo hazinishawishi, na naipenda filamu hii kwa moyo wote.

Mengine niyapitie kwa haraka. Minara ya umeme inayoyeyuka kwa pumzi ya dubwana ilikuwa ya nta, ikayeyushwa kwa hewa ya moto na taa za studio. Mkia ulivutwa kwa waya, na giza likaficha waya. Ngurumo aliitoa mtunzi wa muziki Akira Ifukube kwa kulegeza nyuzi za kontrabasi, ile fidla kubwa ya sauti nzito, na kuzisugua kwa glovu ya ngozi iliyopakwa utomvu.

Na haya yote walihangaika nayo kwa nini? Tarehe 1 Machi mwaka huohuo, bomu la haidrojeni la Marekani kule kisiwa cha Bikini, Pasifiki, liliwanyeshea majivu ya mionzi wavuvi 23 wa mashua ya Daigo Fukuryū Maru. Mwendesha redio wao, Aikichi Kuboyama, alifariki tarehe 23 Septemba. Wiki sita baadaye watu walikaa gizani kutazama filamu inayoanza kwa meli kuteketezwa na mwanga wa ghafla baharini. Mwongozaji, Ishirō Honda, hakuwa na nafasi ya kuchekwa. Ghorofa moja likianguka kama sanduku, ukumbi unacheka, na kilio cha wale mama na watoto kwenye hadithi hakisikiki tena.

Usiniambie kompyuta imemaliza habari hii. Godzilla Minus One ya 2023, iliyopata Oscar kwa kazi ya watu 35 hivi, nayo ilikokotoa maji na majengo yake kwenye mashine, na mashine lazima iambiwe kitu kina ukubwa gani kabla haijajua kianguke kwa muda gani.

Jumamosi yule kijana na wenzake waje na jasi, maboksi na saa yenye sekunde. Tutajenga kuta tatu za kimo kimoja, tutazichanja nyufa kwa nyuma ili zivunjike vipande vidogo, tupige ya kwanza 24, ya pili 72, ya tatu 120. Ile ya 24 ataihariri yeye, na simu yake aje nayo.