Upungufu wa umakini kwa mtu mzima: ushahidi wake hutafutwa utotoni

Swali ambalo watu wazima hutuuliza kwa sauti ya chini, katika chumba cha kupokelea wagonjwa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni hili: je, mtu anaweza kuupata ugonjwa wa watoto wasiotulia akiwa na umri wa miaka 40? Jibu ni hapana. Hali hii haimpati mtu ukubwani, ila inaweza kugunduliwa ukubwani, na kati ya maneno hayo mawili, kupatwa na kugunduliwa, ndimo ilimo kazi yote ya daktari.

Mara nyingi anayeuliza ni mzazi. Amemleta mtoto ambaye mwalimu amechoka naye, anajibu maswali yetu moja baada ya jingine, kisha katikati ya orodha ananyamaza, kwa sababu ametambua kwamba majibu anayoyatoa ni historia yake mwenyewe. Wala si ajabu, kwa kuwa tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba urithi ndio unaoeleza karibu robo tatu ya tofauti zilizopo kati ya watu katika jambo hili. Tafiti zilizokusanya takwimu za nchi mbalimbali zinakadiria kwamba katika kila watu wazima 100, wawili au watatu wana hali hii.

Waganga wetu, yaani madaktari, ambao wengi wamesoma kwa Kifaransa, huiita TDAH, na walioisoma kwa Kiingereza huiita ADHD. Kwa Kiswahili tutasema upungufu wa umakini, ingawa jina hilo nalo lina kasoro. Fundi aliyesahau miadi mitatu katika wiki moja anaweza kuinamia redio iliyoharibika tangu asubuhi hadi jioni bila kukumbuka kula. Familia huliona hilo na kuhitimisha kwamba akitaka anaweza, na sijui hukumu nyingine inayowaumiza watu hawa kuliko hiyo. Kinachomshinda ni kuupeleka umakini mahali unapotakiwa na kuubakiza hapo, hasa pale kazi inapokuwa ndefu, haina ladha, na faida yake iko mbali.

Mtoto mwenye hali hii hupanda madirisha. Mtu mzima amekwisha kujifunza kukaa kitini, lakini mhangaiko umehamia ndani, ukawa kichwa kisichopumzika hata usiku. Maharage huungulia kwenye mbabula kwa sababu mpishi alitoka mara moja tu kuchukua chumvi. Mchango wa likilimba, yaani upatu, huchelewa ilhali fedha zipo mfukoni. Nyumba huanzishwa, msingi ukajengwa, halafu mradi mwingine ukamvuta mwenyewe kabla ya bati kununuliwa. Na kuna papara ya ulimi: mtu hujibu kabla swali halijaisha, humkatiza mzee anapozungumza, na katika desturi zetu, ambamo mdogo husubiri mkubwa amalize, jambo hilo huhesabiwa kuwa utovu wa adabu. Baadhi ya watu tunaowapokea wamebeba sifa ya kukosa heshima kwa miaka 20, na wao wenyewe wameiamini.

Kwa nini hawakutambuliwa mapema? Wengine walikuwa wasichana watulivu waliokaa nyuma ya darasa wakiangalia ziwa, na mtoto asiyesumbua hapelekwi kwa daktari. Wengine walikuwa na akili nyepesi iliyowavusha hadi diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, bila kusoma ila usiku wa kuamkia mtihani. Zaidi ya hayo, familia yetu kubwa yenyewe huwa dawa bila kujua: dada mkubwa anakumbusha, bibi anaamsha, shangazi anauliza daftari liko wapi. Siku mtu anapoondoka kwenda chuo, au anapoolewa na kukabidhiwa nyumba, watoto na hesabu za duka kwa pamoja, nguzo hizo huondoka zote kwa mpigo, na kilichokuwa kimefichwa huonekana. Ndiyo maana wanawake wengi hugunduliwa baada ya miaka 30, tena baada ya kutibiwa huzuni au wasiwasi kwa muda mrefu.

Ugunduzi wenyewe haufanywi kwa kipimo cha damu wala kwa picha ya ubongo, na anayekuuzia kipimo cha namna hiyo anakuuzia hewa. Hufanywa kwa mazungumzo marefu. Mwongozo wa waganga wa akili wa Marekani, katika toleo lake la 2013, unataka mtu mzima awe na dalili zisizopungua tano kati ya tisa za kukosa umakini, au tano kati ya tisa za mhangaiko na papara, zilizodumu miezi sita au zaidi, zinazojitokeza mahali pasipopungua pawili, kwa mfano nyumbani na kazini, na zinazomharibia maisha kweli. Kisha unaongeza sharti ambalo ndilo kiini cha makala hii: baadhi ya dalili hizo ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12. Toleo lililotangulia lilisema miaka saba, na wengi walikosa kutambuliwa kwa sababu hiyo. Maswali sita mafupi yanayozunguka katika simu, yaliyotolewa kwenye dodoso la maswali 18 la Shirika la Afya Duniani, ni ya kuchuja tu; yanamwambia mtu kama inafaa amwone mganga, basi.

Ushahidi wa utotoni kwetu una mahali pake pa kawaida. Buletini, yaani ripoti za shule za Kongo, pamoja na pointi za masomo, huwa na sehemu ya bidii na sehemu ya mwenendo, na mwalimu aliyeandika miaka 25 iliyopita kwamba mwanafunzi anaelewa lakini hasikilizi ametuachia hati ya thamani. Tatizo ni kwamba mji huu umehamahama na kuungua mno, na karatasi za watu wa mtaa wa Kadutu zimeteketea pamoja na nyumba zao. Hapo shahidi huwa mama, kaka mkubwa, au jirani wa zamani, naye tunamwomba asimulie visa badala ya kutoa sifa. Neno “mtundu” halitusaidii sana, lakini kisa cha mtoto aliyetumwa mafuta mara tatu na kurudi mara tatu bila chupa kinatusaidia.

Sharti hilo la umri lina uzito wa pekee Bukavu. Mji uliopitia vita vya 1996, Juni 2004 na Februari 2025 umejaa watu wasioweza kusoma ukurasa mmoja hadi mwisho, na wengi wao hawana upungufu wa umakini tunaouzungumzia. Wana jeraha la moyo. Tofauti huonekana tukiuliza akili inakwenda wapi inapotoroka. Aliyejeruhiwa na vita, akili yake hurudi mahali palepale, kwenye mlio uleule, naye hushtuka mlango ukibamizwa na huogopa usingizi kwa sababu ya ndoto. Mwenye upungufu wa umakini, akili yake huzurura popote, hata kwenye mambo ya kufurahisha, na ilizurura hivyo tangu darasa la pili. Mtu aliyekuwa makini hadi siku alipokimbia nyumba yake anahitaji tiba nyingine. Wapo pia wenye yote mawili, na hao ndio wanaotuchukulia muda mrefu zaidi. Vilevile hatuna budi kuuliza habari za kukosa usingizi, pombe, bangi, kifafa, ugonjwa wa tezi ya shingo, na malaria iliyopanda kichwani utotoni, ambayo huweza kuacha athari katika umakini. Kuhusu vyumba vya maombi, ambamo watu hukesha wakisali, sina neno la kumkataza mtu kusali. Nasema tu kwamba kukesha usiku saba mfululizo huzidisha dalili hizi kwa yeyote.

Anayeambiwa ukweli huu akiwa na miaka 40 kwa kawaida hufurahi kwanza, kisha huhuzunika kwa ajili ya miaka iliyopita. Dawa inayotumika zaidi katika nchi nyingi ni metilfenidati, nayo husimamiwa kwa ukali kwa sababu huweza kutumiwa vibaya, na hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Maombi ya kuiingiza katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yalikataliwa 2019 na tena 2021, kwa hiyo mtu asishangae akiambiwa kwamba haipatikani kirahisi, na asiinunue sokoni kwa mtu asiyejua hata kumpima shinikizo. Kinachopatikana hapa ni mafunzo ya kupanga maisha pamoja na mganga: kumbukumbu itolewe kichwani na kuwekwa kwenye daftari moja tu, kengele ya simu ilie kabla ya saa na siyo kwenye saa, kazi kubwa ikatwe vipande vinavyomalizika kabla ya chai, na kazi chungu ifanywe mbele ya mtu mwingine aliyekaa kimya. Mchango wa likilimba utumwe siku ileile fedha zinapoingia. Mume au mke akishika hesabu kwa makubaliano, hiyo si aibu.

Kwa anayetaka kuanza, Bukavu kuna SOSAME na Goma kuna Tulizo Letu, vituo vya afya ya akili vya Mafurere wa Upendo. Aje na dawa zote anazotumia, na visa viwili au vitatu vya wiki iliyopita alivyoviandika usiku wa kuamkia miadi, kwa maana asubuhi atakuwa amevisahau. Aje na buletini, kama zipo, na kama ziliungua, aje na mtu aliyekuwa akimtuma dukani.