Chupa ya achari kuziba si sawa na achari kuwa salama

"Kifuniko kimebonyea, basi iko salama." Sentensi hii nimeisikia mara nyingi mno kwa watu wanaosindika achari ya matango nyumbani, na safari hii sitaki kuiacha ipite.

Usindikaji wenyewe hauna mengi. Unapanga matango, shibiti na vitunguu saumu kwenye chupa safi za kioo, unamimina siki iliyochemshwa pamoja na maji na chumvi, unafunika, kisha unazichemsha chupa zikiwa zimezama majini. Zikipoa, mvuke na hewa iliyobaki ndani husinyaa, kifuniko huvutwa chini na kulia "tak!"

Mlio huo unakuambia kwamba hewa ya nje haiingii tena, basi. Kuhusu kilichomo ndani hausemi lolote. Clostridium botulinum ni bakteria wa udongoni, na tango hukua likigusa udongo. Spora zake, yaani chembe zenye ganda gumu anazojificha ndani yake, hazifi kwenye maji yanayochemka kwa nyuzi 100. Kuziangamiza kunahitaji nyuzi 121 hivi, joto linalopatikana kwenye sufuria ya presha. Tena bakteria huyu hustawi pasipo hewa. Chupa iliyoziba barabara, yenye chakula kisicho na asidi ya kutosha, ikikaa kabatini, umemjengea nyumba. Sumu yake unaweza usiione wala usiinuse. Aliyeila huanza kuona vitu viwili viwili, kope hulegea, kumeza humshinda, na mwisho misuli ya kupumulia hupooza.

Kudhani kwamba hewa ndiyo adui ni kosa la zamani. Mwaka 1810 Mfaransa Nicolas Appert alichapisha njia yake ya kuhifadhi vyakula kwenye chupa, na mwanakemia Gay-Lussac akaeleza kuwa siri yake ni kukosekana kwa oksijeni. Ni kazi ya Louis Pasteur, miongo kadhaa baadaye, iliyoonyesha kuwa vijidudu ndivyo vinavyoozesha, na joto ndilo linaloviua.

Kwenye achari, spora za botulinum hazizuiwi na joto wala na kifuniko. Huzuiwa na uchachu. Uchachu hupimwa kwa pH, na namba ikishuka asidi huwa kali zaidi. Mpaka ni 4.6: hapo na chini yake, spora hazichipui. Tango bichi liko juu ya mpaka huo, kwenye 5 na kitu. Siki ndiyo inayolishusha, na inatakiwa siki ambayo lebo yake inasema asidi ni asilimia 5. Siki ya kutengeneza mwenyewe iache kwa saladi, maana ukali wake hujaupima. Achari ikikuzidi ukali mdomoni, ongeza sukari; usipunguze siki wala usiongeze maji kuliko ilivyoandikwa kwenye maelekezo yaliyopimwa.

Kuchemsha chupa bado kuna kazi yake: kunaua hamira, ukungu na bakteria wengine wanaoharibu chakula. Na kifuniko kilichoziba huwazuia wasirudi, jambo ambalo si dogo, kwa sababu ukungu ukiota juu ya achari unaweza kuila asidi hadi pH ikapanda tena. Chupa ya nusu lita huchemshwa dakika 10, ya lita moja dakika 15. Ukipita mwinuko wa mita 300 hivi ongeza dakika 5, na ukipita 1,800 ongeza 10, kwa kuwa huko maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100.

Kwa hiyo ukimwona mtu anabonyeza kifuniko kwa kidole na kusema "hii iko salama", mwambie taratibu kuwa hii imeziba. Halafu muulize siki yake ilikuwa ya asilimia ngapi, na aliichanganya na maji kiasi gani.