Tithi: Siku ya Mwezi Inayopanga Sikukuu na Saumu za Karnataka

Mwaka 2024 sikukuu ya Ganesha, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo, iliangukia tarehe 7 Septemba. Mwaka 2025 ikarudi nyuma hadi 27 Agosti, na mwaka 2026 ikaruka mbele hadi 14 Septemba. Anayetazama kalenda ya ukutani peke yake ataona tarehe zinazotangatanga. Kwa Mkannada, yaani mwenyeji wa jimbo la Karnataka kusini mwa India, awe wa Bengaluru, Mysuru au Hubballi, sikukuu hiyo haijasogea hata kidogo: kila mwaka ni siku ya nne ya mwezi unaokua, ndani ya mwezi wa Bhadrapada. Siku hiyo ya mwezi huitwa tithi, na ndiyo inayoamua lini mtu ale, lini afunge na lini awashe taa.

Sisi tuliozoea kungoja mwezi uandame tuna pa kuanzia, ila njia zinaachana mapema. Katika kalenda ya Kiislamu siku huanza Magharibi, na mwezi mpya hutangazwa hilali ikionekana. Tithi haisubiri macho ya mtu. Ni hesabu ya umbali kati ya mwezi na jua angani: kila mara mwezi unapoliacha jua kwa nyuzi 12 zaidi, tithi moja imekwisha na nyingine imeingia. Duara zima lina nyuzi 360, kwa hiyo kila mwezi una tithi 30. Kumi na tano za kwanza ni za mwezi unapokua, nazo huitwa shukla. Kumi na tano zinazofuata ni za mwezi unapopungua, na Wakannada huziita bahula au krishna.

Mwezi hauendi kwa kasi moja siku zote, hivyo tithi nazo hazilingani urefu. Moja inaweza kwisha kwa saa 20 hivi, nyingine ikapita saa 26. Inaweza kuingia saa nane mchana au saa tisa usiku, wakati wowote ule. Kanuni ya jumla ni kwamba siku hupewa namba ya tithi iliyopo jua linapochomoza. Hapo ndipo mambo ya ajabu hutokea. Tithi fupi ikiingia baada ya macheo na kutoka kabla ya macheo ya kesho yake, namba yake hurukwa. Tithi ndefu ikikutwa na macheo mawili, siku mbili mfululizo hubeba namba moja. Kwa hiyo mwenye kuhesabu kwa vidole hawezi kufika mbali. Anahitaji panchanga, kitabu cha mwaka kinachotaja mambo matano ya kila siku: tithi, siku ya juma, kituo cha mwezi kati ya nyota, na migawo mingine miwili iitwayo yoga na karana.

Lakini kanuni ya macheo ni mwanzo tu. Kila ibada ina saa yake, na tithi inayotakiwa lazima iwepo saa hiyo. Ugadi, Mwaka Mpya wa Wakannada, huangalia macheo. Ganesha huabudiwa mchana wa jua la utosi. Taa za Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, huwashwa giza linapoanza kuingia. Shivaratri, mkesha wa Shiva, hutaka tithi ya 14 ya mwezi unaopungua iwepo usiku wa manane. Nikimweleza mtu jambo moja tu kuhusu kalenda hii, ni hilo: ukisikia watu wawili wanabishana kuhusu tarehe, mara nyingi hawabishani kuhusu mwezi, wanabishana kuhusu saa.

Mfano mmoja ni Deepavali, sikukuu ya taa, ya mwaka 2024. Tithi ya giza, ile ya mwisho wa mwezi iitwayo amavasya, iliingia karibu saa kumi alasiri ya 31 Oktoba kwa saa za India, ikatoka kama saa kumi na mbili na robo jioni ya 1 Novemba. Jioni zote mbili zilikuwa na haki ya kudai taa. Wengi wa kaskazini mwa India waliwasha tarehe 31, kwa kuwa usiku huo wote ulikuwa ndani ya amavasya. Karnataka wengi walimwabudu Lakshmi tarehe 1, ambayo pia ni siku ya kuadhimisha kuundwa kwa jimbo lao mwaka 1956. Hakuna upande uliokosea hesabu. Walitofautiana katika uzito wa kila kanuni.

Karnataka na kaskazini wanatofautiana pia katika mahali pa kukata mwezi. Wakannada huumaliza kwenye amavasya, usiku usio na mwezi. Sehemu kubwa ya kaskazini huumaliza kwenye mwezi mpevu. Kwa hiyo Shivaratri ni ya mwezi wa Magha kwa Mkannada na ya Phalguna kwa mtu wa kaskazini, na hata hivyo wote hukesha usiku mmoja. Nusu angavu ya mwezi ina jina lilelile pande zote. Nusu inayopungua ndiyo inayobadilika jina.

Saumu ndiyo sehemu inayonivutia zaidi, kwa sababu hapa tithi huingia mpaka jikoni. Ekadashi, siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi, huja mara 24 kwa mwaka wa kawaida. Wafuasi wa Madhva, mwanafalsafa wa karne ya 13, ambao nyumba zao za kitawa zimezunguka hekalu la mungu Krishna mjini Udupi, huichukulia kwa uzito mkubwa: wenye msimamo mkali hawagusi hata maji, na hula asubuhi ya tithi ya 12, mara nyingi mapema sana kabla tithi hiyo haijatoka. Wengine huacha wali na nafaka, wakala matunda na maziwa. Wapo wanaokula avalakki, mchele uliopondwa ukawa bapa, unaofanana na pepeta yetu. Kufunga hapa si lazima kuwe ni kuacha kila kitu toka alfajiri hadi jua kuzama. Kuna daraja nyingi, na watoto, wagonjwa na wajawazito hawabanwi.

Hata Ekadashi yenyewe inaweza kuwa siku mbili katika mtaa mmoja. Wafuasi wa Madhva hawataki masalia ya tithi ya 10 yaguse alfajiri, yaani muda wa kama saa moja na nusu kabla ya macheo. Yakigusa, mfungo husogezwa hadi kesho yake. Jirani yao wa madhehebu ya Smarta huangalia macheo yenyewe, naye hufunga leo. Mmoja anapofungua, mwenzake ndiyo kwanza anaanza.

Sankashti ni saumu nyingine ya kila mwezi, siku ya nne ya mwezi unaopungua. Mtu hufunga tangu asubuhi kwa ajili ya Ganesha, na hali chakula mpaka mwezi uchomoze, kama saa tatu usiku. Lakini siku ya nne ya mwezi unaokua katika Bhadrapada, sikukuu ya Ganesha mwenyewe, watu hukwepa kabisa kuutazama mwezi, wakiamini utawaletea kusingiziwa. Kuna pia saumu zinazounganisha tithi na siku ya juma. Varamahalakshmi huja Ijumaa kabla ya mwezi mpevu wa Shravana. Wanawake walioolewa hufunga mpaka ibada iishe, mbele ya chungu kilichowekwa nazi juu na kuvishwa kama mungu wa kike. Na kuna nadhiri ya miezi minne ya mvua, toka Ashadha hadi Kartika, ambamo watu wa Madhva huacha mboga mwezi wa kwanza, mtindi wa pili, maziwa wa tatu, na vyakula vya jamii ya kunde na dengu mwezi wa nne.

Sasa turudi kwenye kuruka kwa Ganesha mwaka 2026. Miezi 12 ya mwezi ni siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote. Kalenda ya Kikannada haikubali hilo, kwani sikukuu zake zimefungamana na mvua na mavuno. Mwezi mzima ukipita bila jua kuingia buruji mpya, mwezi huo huhesabiwa kuwa wa ziada, adhika, na ule halisi hufuata kwa jina hilohilo. Hutokea mara 7 katika miaka 19. Mwaka 2026 ni Jyeshtha iliyorudiwa, 17 Mei hadi 15 Juni. Harusi husimama, sadaka huongezeka, na kila sikukuu inayofuata husogea mbele.

Makara Sankranti haina shida hizi, kwa kuwa ni ya jua: 14 au 15 Januari, watu wakigawiana ufuta, sukari guru, mbata, karanga na dengu za kukaanga, na kuombana maneno mema.

Wasomaji wa Mombasa na Dar es Salaam wanaijua Deepavali kupitia jirani zao wenye asili ya Gujarat, ambao siku ya kwanza ya Kartika, mara tu baada ya amavasya, huwa Mwaka Mpya wao. Kwa Wakannada siku hiyohiyo ni Balipadyami, ya kumkaribisha Bali, mfalme wa hekaya anayerudi kutembelea watu wake. Mwaka wao huanza Chaitra, Machi au Aprili, kwa kula mwarobaini na sukari guru pamoja, chungu na tamu kwa mkupuo mmoja, kisha panchanga ya mwaka husomwa kwa sauti.

Kwa kuwa macheo ya Bengaluru si macheo ya Muscat wala ya New Jersey, familia za Kikannada zilizohama hutumia panchanga iliyopigiwa hesabu ya mji wanaoishi. Tithi huingia kwa wakati mmoja duniani kote, lakini inapoingia New Jersey huenda ni jioni ya jana yake, na saumu ya Ekadashi ikawa tarehe tofauti na ya wazazi waliobaki nyumbani.